Mizunguko 25: safari ya Norwei nikimfuata Johann Olav Koss

Alhamisi, Oslo

Dada alinipokea stesheni kuu akiwa na koti la pili mkononi. Ni mtoto wa shangazi yangu, muuguzi hapa kwa muda mrefu, na salamu yake ya kwanza ilikuwa: "Hilo ulilovaa, kaka, ni la Arusha. Vaa hili." Nikavaa. Kwake tulikunywa chai ya tangawizi, halafu kabla giza halijashika nikamwomba anipeleke uwanja wa Bislett.

Mtu akiniuliza kwa nini kocha wa riadha afunge safari kumfuata mtu wa mbio za kuteleza barafuni, nina namba mbili za kumjibu. Tarehe 10 Julai 1993, hapo Bislett, Mkenya Yobes Ondieki alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26:58.38, binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27. Tarehe 20 Februari 1994, kwenye Olimpiki ya baridi, mji wa Hamar, kaskazini kidogo mwa Oslo, Johann Olav Koss aliteleza umbali huo huo kwa 13:30.55, nayo ikawa rekodi ya dunia. Ugawe muda wa Ondieki kwa mbili unapata 13:29.19. Nchi ile ile, miezi saba tu kati yao, na kile kipande cha chuma chini ya kiatu kimekata muda katikati kana kwamba mtu alipima kwa rula. Vijana wangu nikiwapa hesabu hii hudhani nawatania.

Bislett kwetu watu wa mbio halihitaji utambulisho. Hapa ndipo Henry Rono alipovunja rekodi ya mita 3,000 mwaka 1978, ya nne katika zile rekodi nne alizozikusanya ndani ya siku 81. Ila Wanorwei wa umri mkubwa wana Bislett yao nyingine. Zamani majira ya baridi yakiingia uwanja ulimwagiwa maji, maji yakaganda, na njia ya mita 400 ikawa ya kuteleza. Katika Olimpiki ya 1952 Hjalmar Andersen, waliyemwita Hjallis, alichukua dhahabu za mita 1,500, 5,000 na 10,000 hapa hapa. Ile ya 10,000 alishinda kwa sekunde 24.8. Kila Mnorwei aliyefunga viatu vya barafu baada yake alipimwa kwa wiki ile, na Koss alizaliwa katika foleni hiyo hiyo.

Uwanja wa sasa ni mpya, ulifunguliwa 2005, na barafu haipo tena. Chini ya majukwaa kuna njia ya kukimbilia iliyofunikwa. Tulikuta akina mama watu wazima wanakimbia polepole humo, joto zuri, huku nje baridi inauma masikio. Nilitamani tungekuwa na kitu kama hicho wakati wa masika.

Ijumaa, Frogner

Nje ya uwanja wa Frogner kuna sanamu ya Oscar Mathisen, ameinama, mguu mmoja nyuma. Alikuwa bingwa wa dunia mara tano kati ya 1908 na 1914. Rekodi yake ya mita 1,500, dakika 2:17.4, aliiweka Davos nchini Uswisi mwaka 1914 na ikakaa hadi 1937. Ndani ya uwanja, watoto wa shule wanateleza huku wakila mkate.

Mimi sikuja kuteleza. Nilikuja kuangalia miguu. Kando ya barafu kijana mmoja alikuwa ananoa viatu vyake, na dada akatafsiri maswali yangu mpaka akachoka. Bapa za kiatu cha mbio, vile vipande vya chuma vya chini, ni ndefu, sentimita 40 hivi, na unene wake ni kama milimita moja. Anazibana zote mbili kwenye fremu, ya kulia na ya kushoto sambamba, kisha anapitisha jiwe la kunolea kwenda na kurudi. Hakuna mashine. Akimaliza anapitisha ukucha kwenye kingo kutafuta mkwaruzo. Bapa yenyewe ina upinde mdogo sana, ambao jicho halioni mpaka uziweke mbili makali kwa makali.

Kilichonivutia zaidi ni msukumo. Mkimbiaji husukuma ardhi kwenda nyuma, kwa hiyo mguu wake unapaswa kurudi nyuma kwa kasi ile ile ambayo mwili unakwenda mbele. Hapo ndipo kasi ya binadamu inapogota, maana mguu hauwezi kurudi haraka kupita kiasi. Mtelezaji hasukumi nyuma, anasukuma pembeni. Bapa inakwenda mbele yenyewe, na mguu una nafasi ya kuukandamiza ukingo taratibu, kwa nguvu, bila kufukuzana na ardhi. Ndiyo sababu Koss aliweza kwenda kwa wastani wa kilomita 44 kwa saa kwa dakika 13 na nusu.

Gharama yake inalipwa na mapaja. Kwa kasi hiyo adui mkubwa ni hewa, na dawa ya hewa ni kuinama: mgongo ulale, magoti yakunjwe, mikono ifungwe nyuma ya kiuno. Jaribu kupalilia robo eka kwa jembe la mpini mfupi bila kuinuka hata mara moja, utapata picha. Misuli iliyojikunja namna ile inaibana mishipa, damu haipiti vizuri, na paja linaanza kuwaka mapema hata kama mapafu bado yana akiba. Wakimbiaji wangu hukata pumzi. Hawa hukatika miguu.

Viatu vya kijana yule vilikuwa vya siku hizi, vyenye bawaba mbele, bapa ikiachia kisigino mwisho wa msukumo na kulia kla-kla. Vilitoka kwa watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Amsterdam na vikashika kasi msimu wa 1996 na 1997. Koss hakuwahi kushindana navyo. Rekodi zake zote ni za bapa iliyofungwa mbele na nyuma, na hilo linanifanya nimheshimu zaidi, ingawa najua mtu wa Uholanzi atasema kila zama na viatu vyake.

Jumamosi, Drammen

Kilomita 40 tu kutoka Oslo. Koss alizaliwa hapa tarehe 29 Oktoba 1968, ingawa klabu iliyomlea ni ya Strømmen, upande wa pili wa Oslo. Mto, daraja, maduka yanayofungwa mapema. Tulikula supu ya samaki tukarudi.

Ndani ya treni nilisoma upya habari za Olimpiki ya Albertville, Ufaransa, mwaka 1992, maana bila hiyo Hamar haina ladha kamili. Koss alikwenda kule akiwa ameshakuwa bingwa wa dunia mara mbili, 1990 na 1991, na watu walikuwa wamemhesabia medali kabla hajapanda ndege. Siku chache kabla ya kuanza akalazwa hospitali: jiwe la nyongo, kongosho limevimba. Tarehe 13 Februari akateleza mita 5,000 akiwa wa saba. Tarehe 16 akashinda mita 1,500 kwa 1:54.81, akimwacha Mnorwei mwenzake Ådne Søndrål kwa mia nne za sekunde, yaani 0.04. Tarehe 20, fedha ya mita 10,000 nyuma ya Mholanzi Bart Veldkamp.

Angalia tarehe hizo. Olimpiki iliyofuata ilikuja baada ya miaka miwili badala ya minne, kwa sababu michezo ya baridi ilikuwa inatenganishwa na ile ya kiangazi, na ratiba ya Koss ikaangukia tarehe zile zile: 13, 16, 20 Februari. Safari hii nyumbani.

Jumapili, Hamar

Treni inapita uwanja wa ndege, inapita Eidsvoll ambako katiba yao iliandikwa mwaka 1814, halafu inalishika ziwa Mjøsa na kutembea nalo ubavuni. Ni ziwa kubwa kuliko yote Norwei. Sehemu kubwa lilikuwa limeganda na mtu mmoja alikuwa amekaa katikati yake kwenye kiti, anavua samaki kupitia tundu. Abiria wote walikuwa kimya. "Hapa ukimwongelesha mtu kwenye treni," dada akaninong'oneza, "anadhani una shida unataka msaada."

Stesheni tulipokewa na mzee, mume wa mfanyakazi mwenzake dada. Mwalimu mstaafu, masikio mekundu, salamu fupi. Akatupeleka moja kwa moja Vikingskipet. Ukumbi umejengwa kwa umbo la merikebu ya Waviking iliyopinduliwa chini juu, mkuku ukiwa ndio mwamba wa paa. Ndani ni mbao. Mihimili mikubwa ya mbao zilizounganishwa kwa gundi inavuka kutoka ukuta hadi ukuta bila nguzo katikati, na chini yake mviringo mweupe wa mita 400 ambako watoto walikuwa wanafanya mazoezi wakiwa wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine.

Mzee alikuwemo humu tarehe 20 Februari 1994. Tulipokaa jukwaani akatoa kwenye begi daftari lenye jalada la kijani. Wanorwei wa rika lake wana mila hii: mashindano ya barafu yakitangazwa redioni, au wakiwa uwanjani, wanachora mistari na kuandika muda wa kila mzunguko wa kila mshindani kwa penseli. Kurasa na kurasa za namba. Mke wake, alisema, hajawahi kuelewa. Mimi nilielewa papo hapo, kwa sababu nyumbani ninayo madaftari ya namna hiyo, na mke wangu vilevile haelewi.

Inafaa nieleze mbio zenyewe zinavyokwenda. Wanateleza wawili wawili, mmoja njia ya ndani mwenye kitambaa cheupe mkononi, mwingine njia ya nje mwenye chekundu. Kila mzunguko, kwenye mnyoofu wa upande wa pili, wanabadilishana njia, na wakikutana pale anayetoka njia ya nje ndiye mwenye haki ya kupita. Mshindi ni mwenye muda mdogo kuliko wote waliopita siku ile. Kwa hiyo aliye pembeni yako huenda si mpinzani wako hata kidogo. Mpinzani wako labda ameshamaliza, amekaa anakunywa maji na kuangalia saa yako. Hakuna sungura wa kuweka kasi, hakuna kujificha nyuma ya mgongo wa mtu upepo ukivuma. Nimewafundisha vijana miaka mingi kusoma kundi: nani anahema, nani anaangalia nyuma. Ustadi huo hapa hauna kazi. Hapa kuna mizunguko, na kocha aliyesimama kwenye mnyoofu na ubao wenye namba.

Tarehe 13 Februari Koss alianza na mita 5,000: 6:34.96, rekodi ya dunia. Mnorwei mwenzake Kjell Storelid alifuata kwa zaidi ya sekunde saba, na Mholanzi Rintje Ritsma akawa wa tatu. Tarehe 16 ikaja 1,500, na hapa ndipo wajuzi walipokuwa na wasiwasi, kwani rekodi ilikuwa ya Ritsma, aliyeiweka Januari ya mwaka huo humu humu ukumbini. Mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Mtu wa masafa marefu huwa hana mwanzo wa kutosha, na mtu wa masafa mafupi huwa hana mwisho. Ritsma alipata 1:51.99. Koss 1:51.29. Rekodi ya pili.

Jioni ile alitangaza kwamba zawadi ya pesa aliyopata kwa ushindi huo wa 1,500 ataitoa kwa Olympic Aid, mfuko ulioanzishwa kuwasaidia watu wa Sarajevo, mji ambao miaka kumi tu nyuma ulikuwa mwenyeji wa Olimpiki na sasa ulikuwa unapigwa mabomu. Akawaomba wananchi wenzake watoe kroner 10 kwa kila dhahabu itakayopatikana na Norwei. Norwei ikapata dhahabu kumi. Mzee alitoa. "Mke wangu alinikumbusha kila dhahabu," alisema, na hilo ndilo pekee alilocheka siku nzima.

Ninaruka kidogo kwenda tarehe 18, kwani ukumbi huu una kisa kingine ambacho siwezi kupita bila kukitaja. Mmarekani Dan Jansen alikuwa mtu wa mita 500 na 1,000, mwenye kasi kuliko wote na mkosi kuliko wote. Kwenye Olimpiki ya 1988 huko Calgary, Kanada, dada yake Jane alifariki asubuhi ya mbio zake za 500. Akaingia barafuni, akaanguka. Siku nne baadaye akaanguka tena kwenye 1,000. Albertville hakupata kitu. Hamar, kwenye 500, mguu ukamponyoka, mkono ukagusa barafu, akawa wa nane. Ikabaki mbio moja ya maisha yake ya Olimpiki, ile ya 1,000 ambayo hakuwa akiitegemea, na akashinda kwa 1:12.43, rekodi ya dunia. Alizunguka uwanja akiwa amembeba bintiye mchanga, aitwaye Jane. Mzee alinionyesha kona. Kwenye daftari, jina la Jansen limepigiwa mstari mara mbili.

Kisha tarehe 20. Mzee alifungua ukurasa akauweka magotini kwangu bila neno. Safu ya Koss, mizunguko 25. Mwanzoni namba ni kubwa kidogo kwa sababu ya kuondoka kutoka kusimama, halafu 32 na kitu, 32 na kitu, 32 na kitu, hadi chini ya ukurasa. Wastani wa mbio nzima ni sekunde 32.4 kwa mzunguko. Mimi ni mtu wa namba hizi, na nakiri kwamba nilikaa nazo muda mrefu. Kasi sawa si kipaji, ni nidhamu ya kukataa. Watu elfu kumi wanapiga kelele chini ya paa la mbao, mzunguko wa sita unajiona una nguvu za kuongeza, na unakataa. Mzunguko wa ishirini paja linawaka na kila kitu kinakuambia uinue mgongo kidogo, sekunde mbili tu, na unakataa tena. Alimaliza 13:30.55. Rekodi ya zamani, yake mwenyewe, ilikuwa 13:43.54. Storelid aliyepata fedha alikuwa nyuma kwa sekunde 18.70, yaani zaidi ya nusu mzunguko, na Veldkamp akawa wa tatu.

Dhahabu tatu, rekodi tatu, umbali ule ule wa Hjallis, miaka 42 baadaye. Koss alikuwa na miaka 25. Mwaka huo huo akaacha mashindano, na baadaye akamaliza masomo ya udaktari huko Queensland, Australia.

Nilimuuliza mzee kama aliona uchungu aliposikia anaacha. Dada alipotafsiri jibu alichekacheka: "Anasema angekaa, angekutana na viatu vyenye bawaba." Ndivyo ilivyokuwa. Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, Mholanzi Gianni Romme alimaliza mita 10,000 kwa 13:15.33.

Jumatatu, Lillehammer

Saa moja kaskazini. Olimpiki inaitwa ya Lillehammer, ingawa mbio za barafu zilikuwa Hamar. Tulipanda Maihaugen ambako makumbusho yao ya Olimpiki yamehamia, tukatazama minara ya kurukia ya Lysgårdsbakkene kwa mbali, na dada akanunua soksi. Theluji ilianguka mchana kutwa. Sina zaidi.

Jumanne, Oslo

Mtaa wa Grønland, mgahawa mdogo wa Waeritrea. Dada huja hapa kwa kahawa baada ya zamu ya usiku. Mama mwenye mgahawa alikaanga buni mbele yetu, akapitisha moshi puani kwetu, na sote tulikuwa tunaongea Kinorwei chao na Kiingereza changu.

Nilikuwa na sababu ya kuja hapa. Miezi michache kabla ya Hamar, mwaka 1993, Koss alikwenda Eritrea kama balozi wa Olympic Aid. Nchi ilikuwa imepata uhuru Mei mwaka huo baada ya vita vya miaka 30. Amesimulia mara nyingi alivyowakuta wavulana wakicheza mpira kwa kutumia shati. Mmoja wao ndiye aliyependwa kuliko wote, kwa kuwa shati lake lilikuwa na mikono mirefu iliyoweza kufungwa likawa duara. Akawaahidi mpira wa kweli. Baada ya Olimpiki alirudi na ndege iliyojaa vifaa vya michezo, na magazeti ya kwao yakamshambulia: watu wanahitaji chakula, wewe unapeleka mipira? Kwa maelezo yake mwenyewe alimwomba radhi rais, na rais akamjibu kwamba ni zawadi kubwa, kwani kwa mara ya kwanza walitendewa kama binadamu wenye mahitaji zaidi ya tumbo. Kutokana na hayo Olympic Aid ikageuka kuwa shirika lenye miradi yake, na mwaka 2003 likaitwa Right To Play. Limefanya kazi Tanzania, Uganda na Rwanda pia, zikiwemo kambi za wakimbizi.

Mimi naiamini ile hoja ya mipira, labda kwa sababu ya kazi yangu. Mtoto anayesubiri chakula bado ni mtoto, mchana ni mrefu. Lakini nilitaka kuisikia kwa mtu wa kule.

Mama alisikiliza huku akimimina kahawa ya pili. Mwaka ule alikuwa binti mdogo Asmara.

"Koss namjua, hapa kila mtu anamjua," alisema. "Huo mpira mimi sikuuona."

"Labda ulifika mitaa mingine, mama."

"Labda. Sisi tulikuwa watu wa baiskeli. Waitaliano walituachia ugonjwa huo." Akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha ya Biniam Girmay aliyevaa jezi ya kijani ya Tour de France ya 2024, mwaka alioshinda hatua tatu. "Huyu je, kule Hamar mlimtafuta?"

Nikaona nimpe nilichokuwa nacho. Nikamwambia kwamba Julai 1993, ndani ya ukumbi ule ule, kabla hata Olimpiki haijafika, Mskoti Graeme Obree aliendesha kilomita 51.596 kwa saa moja, rekodi ya dunia, juu ya baiskeli aliyoiunda mwenyewe ikiwa na beringi za mashine ya kufulia nguo.

"Ya kufulia nguo?"

"Ya kufulia nguo, mama."

Akaweka birika chini, akamwita mwanawe kutoka jikoni aje asikie vizuri, na mjadala wa beringi ukachukua saa nzima. Koss hakutajwa tena.